Pasi Kutoka Kilolo

Kulikuwa na ubao mmoja Mbeya na mwingine Kilolo, na kati yake safari ya kutwa nzima na vumbi lake. Ule wa Mbeya ulikaa juu ya sanduku la nguo la Mwalimu Tusekile, na ole wake aliyeugusa akifagia. Ulikuwa umechorwa miraba sitini kwa wino, kila mraba na namba yake. Wachezaji walikuwa vizibo vya soda vilivyokwaruzwa namba kwa msumari. Mpira ulikuwa punje ya mahindi. Maadui walikuwa buni za kahawa, na hizo hazikuwa na mwenyewe, zilijiendea kwa sheria tu.

Mchezo waliubuni chuoni, yeye na Mika, mwaka wao wa mwisho wa kusomea ualimu, mvua ilipougeuza uwanja wa mpira kuwa jaruba. Hawakushindana. Walikuwa timu moja: Tusekile alimwendesha namba nane, Mika namba saba. Kila pasi ilipopigwa, buni zote zilisogea mraba mmoja kuufuata mpira. Kwa hiyo ukimpa mwenzako pale pale aliposimama, umemponza, maana buni zimeshamzunguka. Pasi ya kufaa ilikuwa ile ya mahali patupu: wewe unapiga pasipo na mtu, mwenzako anaondoka hapo hapo kupafuata, haulizi. Akisita zamu moja tu, mpira umeliwa.

Walipomaliza, serikali haikuuliza nani anacheza na nani. Mika alipangiwa shule ya kwao Kilolo, Tusekile akarudishwa Mbeya. Wakakubaliana mchezo uendelee kwa posta, barua moja zamu moja.

Miaka miwili ikapita hivyo. Tusekile alimpenda, tusifichane. Barua ilipofika aliisoma akiwa amesimama, halafu akiwa amekaa, halafu akaificha ili kesho aisome upya. Lakini Mika alikuwa mtu wa mafumbo, yule wa kukuomba chumvi kwa kitendawili, na kwenye ubao alikuwa mwoga kuliko kuku mgeni. Kila mpira aliopewa aliurudisha nyuma. "Tusiwe na pupa," aliandika, "mwendo wa pole haumwagi maji." Maji hayakumwagika, ni kweli. Goli nalo halikupatikana.

Mwezi wa saba wa mwaka sabini na saba, Bwana Asukile, bwana shamba wa Tukuyu, mtu mpole asiye na kasoro ya kusemwa, akatuma washenga. Baba yake Tusekile, Mzee Andendekisye, aliwapokea vizuri, kisha akamwita binti yake.

"Mwanangu, mtu si ng'ombe wa kufungwa kambani akisubiri. Watarudi Jumamosi ya tarehe ishirini, mwezi ujao. Uwe na neno."

Siku hiyo hiyo Tusekile aliuendea ubao. Akaitoa punje kwa namba nane akaituma mbele, mraba wa arobaini na moja, mahali patupu kabisa. Akaandika: "Arobaini na moja. Ufike, unirudishie, nifunge." Na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu waachane, akaandika neno lisilo la mchezo: "Bwana Asukile ameleta watu. Baba anataka jibu."

Juma likapita, la pili likapita. Akaenda posta akapeleka simu ya maandishi: NASUBIRI PASI.

Alhamisi, tarehe kumi na moja, utingo wa basi la Iringa alimfuata shuleni na mzigo uliofungwa kwa gunia na kamba ya katani. "Mwalimu, kuna mtu wa Kilolo kakuletea pasi," alisema, akaushusha kwa kishindo.

Ilikuwa pasi kweli. Pasi ya mkaa, nzito, ya chuma, na kijogoo chake cha kufungia mbele. Tusekile alilikung'uta gunia, akaligeuza nje ndani. Hakukuwa na barua.

Uso ulimwaka. Yeye anamwambia mtu kwamba anachukuliwa, na huyo mtu anamtania kwa neno. Au si utani, ni jibu: nenda kampigie pasi suruali Bwana Asukile. Akaisukumia uvunguni. Vizibo, punje na buni akavizoa vyote, akavitia kwenye kopo la kakao. Kesho yake alilia katikati ya somo la hesabu, akawaambia wanafunzi ni vumbi la chaki.

Tarehe ishirini ilifika bila kuchelewa. Asubuhi Tusekile alitaka kulinyoosha gauni la kupokelea wageni, lakini pasi ya nyumbani iliazimwa na jirani yao Esta, na Esta ni wa kuazima, si wa kurudisha. Basi akainama uvunguni akaivuta ile ya Kilolo. Akakigeuza kijogoo, akainua mfuniko atie mkaa.

Ndani kulikuwa na karatasi ya daftari iliyoviringishwa. Ndani ya karatasi, kizibo. Namba saba.

"Arobaini na moja. Nimefika," Mika aliandika. "Jumamosi tarehe kumi na tatu alfajiri nitashuka Mbeya kwa basi la usiku. Nitakaa stendi mpaka jioni. Ukija, twende wote kwa baba yako. Usipokuja, nitajua jibu umeshalitoa."

Tarehe kumi na tatu ilikuwa Jumamosi iliyopita. Jumamosi iliyopita yeye alikuwa uani, akichambua maharage.

Alikaa chini na kile kizibo kiganjani. Mwoga wake alikuwa amekimbilia mbele. Alitoka mara moja katika miaka miwili, akafika mahali patupu, akapakuta patupu. Tusekile alijililia, akamlilia na yeye. Halafu akatia mkaa, akapuliza, akapiga pasi gauni lake, kwa sababu wageni walikuwa njiani na gauni lilikuwa na makunyanzi.

"Baba, jibu langu ni hapana," alisema. "Nitawapokea na nitawapikia, ila ni hapana. Yupo mtu wa Kilolo."

Mzee Andendekisye alimtazama. "Huyo wa Kilolo amekuja lini kuuliza?"

"Alikuja, baba. Mimi ndiye sikuwepo."

Mzee hakupenda, lakini uongo hakuusikia. "Basi wakishaondoka tutazungumza," alisema.

Walizungumza mpaka mzee akachoka. Jumatatu Tusekile aliomba ruhusa ya siku tatu shuleni, akabeba pasi ndani ya gunia lake lile lile. Stendi, mama muuza chai alimkumbuka mgeni wa juma lililopita. "Alikaa kwenye kigoda changu kutwa, na kaubao magotini. Kila basi la mjini likisimama anainuka. Chai nilimpa, ikapoa."

Alilala Iringa kwa shangazi yake, na kesho yake kabla ya saa sita alikuwa Kilolo. Mama Juliana, mama yake Mika, alikuwa akianika mahindi. Aliutazama ule mzigo, kijogoo kimechomoza guniani, kabla ya kuutazama uso wa mgeni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Hiyo si pasi yangu hiyo?"

"Ndiyo, mama. Nimeirudisha."

"Juma la pili hili nguo za kanisani nazinyoosha kwa kuzilalia," alisema Mama Juliana. Kisha akaacha mahindi. "Wewe ndiye wa Mbeya."

"Ndiye mimi."

"Alirudi Jumapili ile hana neno. Ubao akautupa huko darini." Akajipangusa mikono taratibu. "Yuko shuleni, na siku hizi hukaa huko mpaka giza linaingia. Nyumbani hapakaliki, anasema. Utangoja sana, mwanangu."

Tusekile aliomba ule ubao. Aliufuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake, akauweka magotini pale kizingitini. Akatoa namba saba mfukoni, akamsimamisha mraba wa arobaini na moja, akageuka kuelekea njia ya shuleni.

"Nitangoja, mama," alisema. "Ni zamu yangu."