Zombi Katika Maombi ya Alhamisi

Mama aliipata riwaya ya zombi chini ya mto wangu wa kulalia. Jalada lake lilikuwa na mkono uliooza ukichomoza kaburini. Hakunipiga. Aliiweka juu ya kabati na kusema, "Kesho akina mama wakija kwa maombi tutaikemea, halafu tuichome."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nimebakisha sura tatu. Isitoshe, kitabu kilikuwa cha Cheruto, rafiki yangu pekee darasani. Lakini ningemwambiaje Mama? Enzi hizo hata wageni wakinisalimia niliijibu sakafu.

Alhamisi saa tisa, nyumba yetu ya mtaa wa Rhonda ikajaa. Jiko la makaa lilikuwa mlangoni, sufuria ya chai juu yake. Mama Kemboi, kiongozi wa kikundi, alikigeuza kitabu kwa ncha za vidole.

"Sasa tutakemeaje kitu hatukijui? Kisomwe kwanza. Nangila, tusomee."

Nikafungua nilipokuwa nimefika, nikasoma kwa sauti ya mbu.

"Tuombee kitabu ama tukuombee wewe?" akauliza Mama Kimaiyo. "Paza sauti, mrembo!"

Wakacheka. Nikapaza. Nikasoma jinsi msichana aitwaye Fancy alivyojifungia ndani ya kinu cha posho, na mtu akabisha nje akimwita kwa jina lake la utotoni. Ilikuwa sauti ya mama yake, waliyemzika Jumanne. Hapo nikasahau woga. Yule mama nikampa sauti nyororo, na kila alipobisha nikagonga meza. Ko. Ko. Ko.

"Usifungue!" Mama Kimaiyo akafoka.

"Lakini ni mamake," Mama akasema.

"Si alizikwa? Nyamaza tusikie!"

Fancy akashika komeo.

Pssss! Moshi na majivu vikajaa mlangoni. Mama Kemboi akapiga nduru na kumrukia Mama mapajani.

Ilikuwa chai. Hakuna aliyeiangalia, ikafurika ikazima makaa yote.

Walicheka mpaka machozi. Mama peke yake alitazama jiko lililozimika, kisha akanigeukia. Nikakibana kitabu kifuani.

"Mama, ni cha Cheruto. Tafadhali usikichome."

Sikuwahi kumwomba kitu mbele za watu. Alinitazama kana kwamba ndio kwanza nimeingia nyumbani.

"Kumbe una sauti hivyo," akasema polepole. "Na huyo msichana, alifungua?"

"Bado sijafika."

"Basi soma. Chai itangoja."

Nilisoma nimesimama hadi sura ikaisha, mkono wa Fancy ungali kwenye komeo. Walinisihi niendelee. Nikakataa, mimi Nangila, nikawaambia mengine ni Alhamisi ijayo, na Cheruto atakuja pia.

Mama Kemboi akafunga kwa sala. Aliombea wagonjwa, akaombea mvua, kisha akamwombea Fancy apewe nguvu ya kutofungua ule mlango.

"Amina!" nikasema, na yangu ilisikika kuliko zote.