Kukimbia Hakukutajwa

Kosa lilianzia kwenye chai. Laiti mama muuza supu angetia tangawizi peke yake siku ile, Hafidha asingefungua mdomo. Lakini alitia mdalasini, tena wa magome, na Hafidha alipoinua kikombe harufu ile ilimpeleka moja kwa moja uani kwa marehemu mama yake, kijijini Kinole, juu kule milimani, ambako hakuwa amekanyaga kwa miaka sita.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Klabu yao ya jogging ya Mazimbu ilikuwa imemaliza kukimbia na kuimba, na sasa wanachama walikuwa wamejazana kwenye mabenchi ya kibanda cha supu, jezi zimelowa, wanatangaza malengo ya mwaka mpya. Mmoja alisema anataka nusu marathoni ya Dar es Salaam. Mwingine alitaka kitambi kipungue mpaka aone kamba za viatu vyake. Kila aliyesema alipigiwa makofi.

"Na wewe, mtani wangu Hafidha," akasema mwenyekiti wao, mwalimu Thobias, "mwakani unataka kufika wapi?"

"Kinole," akajibu Hafidha, pua ingali kwenye kikombe.

Kibanda kililipuka kwa shangwe. Mtu akapuliza filimbi. Kinole! Kwa mbio! Mlima wote ule! Thobias ni Mnyamwezi na Hafidha ni Mluguru, na utani wao hauna likizo. "Mmesikia jamani? Mluguru mji umemshinda, anarudi mlimani mbio kama aliyeacha sufuria jikoni!"

"Afadhali mimi nitafika," Hafidha akamrudishia. "Wewe Mnyamwezi bila mzigo kichwani hata njia huioni."

Angeweza kusema pale pale kwamba hakumaanisha mbio, kwamba ni mdalasini tu uliomponza. Hakusema. Kusikia watu wakilishangilia jina la Kinole kulimpa raha ambayo hakuitegemea, na raha hiyo ikamziba mdomo mpaka akafika nyumbani. Huko ndiko hofu ilikomkuta, kwa sababu alikuwa ameapa kutokwenda tena Kinole.

Mama yake alifariki msimu wa masika. Simu ilimfikia Hafidha alfajiri, akapanda gari hadi Mkuyuni, na hapo mvua ilikuwa imeikata barabara ya kupanda. Akaenda kwa miguu, viatu mkononi. Alipofika, watu walikuwa wananawa mikono; mama alikuwa ameshazikwa. Dada yake Mwaisha, aliyebaki na mama miaka yote, alimtazama mbele ya waombolezaji akasema, "Umetembea polepole kama unakwenda sokoni." Hafidha, kwa uchungu, akajibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Wallahi, kwa gari wala kwa kutembea, mlima huu sipandi tena!"

Mumewe, Salum, alikuwa amemwambia mara nyingi atoe kafara ya kiapo aende kwao, mkataa kwao mtumwa. Hafidha akawa anatafuta visingizio. Ukweli ni kwamba kafara haikuwa tatizo. Alimkumbuka dada yake mpaka kifua kikauma, lakini aliona aibu, na kiapo kilikuwa mlango mzuri wa kujificha nyuma yake.

Jumamosi iliyofuata akamvuta Thobias pembeni, akamweleza yote, akamwomba amfutie lengo lake.

"Hebu rudia kiapo," akasema Thobias. "Neno kwa neno."

Akarudia. Thobias akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akashika mti. "Mtani, kwa gari umejifungia. Kwa kutembea umejifungia. Kukimbia hukukutaja!"

Mashehe wangekuwa na la kusema hapo, lakini hawakuulizwa. Hafidha akahisi kitu kikifunguka ndani yake. Kulikuwa na njia. Ilikuwa njia ya kichaa, tena ya mlima mtupu, lakini ilikuwa njia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiacha wazi bila kujua.

"Nikitembea hata hatua moja, nimevunja," akasema.

"Kusimama je?"

Hafidha akafikiri. "Kusimama si kutembea."

Basi lengo la mwaka likawa hilo: kupanda kutoka Mkuyuni hadi kwa dada yake, kwa kukimbia na kusimama tu. Msidhani aliamka kesho yake akawa swala. Mara ya kwanza kwenye mwinuko wa Kigurunyembe alisimama zaidi kuliko alivyokimbia, na watoto wa shule walimpita wakimpa pole. Mwezi wa Ramadhani alikimbia kidogo kidogo kabla ya futari, akiota maji. Goti lilimvimba, Salum akalikanda kwa maji ya moto, akamwambia, "Panda gari uende, mke wangu, Mungu anajua nia." Hafidha akasema Mungu anajua, ila Mwaisha hajui. Goti lilipopoa alirudi palepale Kigurunyembe. Kufikia mvua za vuli alikuwa anaumaliza mwinuko ule akiimba, na waliompa pole walikuwa wameacha.

Desemba ilipokaribia kwisha, Salum aliwapeleka Mkuyuni Hafidha na Thobias, maana mtani aliapa kumsindikiza. Alimsindikiza hadi kona ya kwanza yenye mwinuko wa kweli. Hapo akaketi kwenye jiwe karibu na muuza mafenesi. "Kweli, Mnyamwezi bila mzigo haioni njia," akasema akihema, "umeshinda. Nenda, mtani."

Hafidha akaenda. Hatua zake zilikuwa fupi mno, kuku angempita, lakini zilikuwa za mbio. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Alipofika kwenye kisima cha njiani alipunguza mwendo. Siku ile ya msiba alikaa hapa, akanawa uso, akanywa, akapumzika, akijiambia watamsubiri. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Leo hakusimama hapo, ingawa miguu ilimwomba.

Sasa jambo moja hakulifikiria yeye wala klabu yake yote. Mjini mtu mzima akikimbia, watu wanajua ni mazoezi. Huku mlimani mwanamke wa makamo hakimbii kupanda kilima bila sababu, na sababu ni moja tu. Wanawake waliokuwa wakiteremka na matenga ya ndizi walisimama.

"Kuna nini, mwenzetu? Nani kafa?"

Pumzi ya kujibu hakuwa nayo. Akapunga mkono, akimaanisha hakuna kitu. Wao wakaelewa kwamba jambo ni zito hata halisemeki, wakashika vichwa. Bodaboda mmoja aliyemtambua akawasha pikipiki akampita kwa kasi kuelekea juu. Habari ikatangulia.

Ndiyo maana, kwenye kona ya mwisho, Hafidha aliona mtu anateremka mbio peku, kanga inaburuta, mikono ina vumbi la mdalasini. Alikuwa Mwaisha, na alikuwa ameshaanza kulia.

"Nani? Ni Salum? Ni mtoto? Sema, Hafidha!"

Hafidha alishika magoti. "Hakuna... hajafa mtu, dada. Nimekuja tu. Shikamoo."

Mwaisha hakuitikia. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu hadi jezi iliyolowa, kisha akamchapa kofi la bega.

"Umekuja tu! Mama kafa, ukaja unatembea. Leo hajafa mtu, ndo unakimbia?"

Hafidha alikuwa amechoka kuepa. "Nilitembea, dada. Tena nilikaa pale kisimani, nikanywa maji. Nilidhani mtanisubiri. Nisamehe."

Mwaisha alijifuta macho kwa kanga, akamfuta na mwenzake jasho kwa kanga ileile.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Twende nyumbani ukale."

Akamshika mkono kumvuta. Hafidha hakusogea.

"Umeumia?"

"Siwezi kutembea, dada. Niliapa."

Mwaisha akakumbuka, maana maneno yale hayakuwa yamemtoka kichwani hata yeye. Kwa gari wala kwa kutembea. Akaangalia kilima kilichobaki, akaangalia miguu yake isiyo na viatu, akaguna. "Kichwa ngumu tangu utotoni," akasema, akaifunga kanga vizuri kiunoni.

Wakaanza kupanda pamoja, dada na mdogo mtu, wakikimbia kwa hatua za kuku, wameshikana mikono. Majirani walitoka kwenye nyua zao, mikono vifuani. "Mwaisha! Nani kafa?"

Mwaisha hakusimama.

"Hajafa mtu!" akapaza sauti huku anahema. "Mdogo wangu kaja!"