Kofia ya Kasimiri

...na bado mawe yamejaa, mchele wa Majimoto siku hizi ukiuondolea macho unakula changarawe, Pudensiana akatikisa ungo, redio dirishani ikaingiza wimbo wa bendi ya zamani, ile aliyoipenda marehemu Kasimiri, na Lucia huyo anatoka kibanda cha video anacheka, "Mama, nimemwona baba, yaani si baba, sinema ya zamani, jamaa yuko mlangoni mwa treni, mvua inamnyeshea, anavua kofia anampungia mkewe mpaka treni inapotea, kama unavyotusimuliaga"... kama anavyowasimulia, ndiyo, miaka kumi sasa, Kasimiri akienda Tabora kutibiwa asirudi, mvua, kofia... mvua gani lakini, ilikuwa Agosti, Mpanda nzima vumbi, na kofia aliipata wapi mtu aliyekuwa akijifunika taulo kichwani kwenda shamba... "Mama, unanisikia?" "Nakusikia, kaoshe sufuria"... kumbe ni lile gari la sinema, lililokuja mwaka uleule wakatundika shuka la kuonyeshea uwanjani Nsemulwa, yeye amekaa chini, kichwa bado kimenyolewa kwa msiba, Lucia mgongoni, anamtazama yule mwanamume wa kwenye shuka akipunga, akapunga... na yeye akamchukua yule wa shuka kichwani mwake, akaja naye nyumbani, akampa jina la mumewe, na picha ya Kasimiri hawana hata moja, sasa Kasimiri mwenyewe yuko wapi, amuulize nani... gita la besi likaingia redioni, palepale Kasimiri alipozoea kusema, "Hapo, mama Lucia, hebu nyamaza kwanza," halafu anadaka kiitikio kabla waimbaji hawajafika, kila mara, bila haya... na stesheni alikuwa akiimba hichohicho, kikohozi kinamkata, mama mmoja akambwagia gunia la karanga mguuni, Kasimiri akasema, "Dada, huu mguu nimekuja nao," watu wakacheka, wakamsukuma ndani ya treni, mgongo tu, shati la kijani limechanika begani, na yeye Pudensiana alikuwa amesema atalishona... hakugeuka. Hakupunga chochote. "Hakuwa na kofia," akasema, na Lucia kutoka uani, "Nani, mama?", na wimbo bado unaendelea, na mkono wa Pudensiana umetulia ndani ya mchele, mgongo ule uko mbele yake, karibu, bega liko wazi, anaogopa hata kupepesa macho, asije akageuka na sura ya yule wa sinema.