Kule Angalau Itaandikwa

Mwenye bucha alikuwa na mkono mwepesi tangu utoto. Mwepesi wa kupiga, si wa kutoa. Shuleni alimng'oa mwenzake meno mawili kwa ajili ya rula. Alipokuwa mtu mzima, mwenye ndevu zake na bucha lake, aliwahi kumkaba mteja kwa sababu mteja alibonyeza nyama kwa kidole kisha akaenda kununua kwingine. Mwenyewe alijijua, lakini kujijua huko hakukumfaa kitu, maana hasira yake siku zote ilitangulia kufika. Yeye alipofika alikuta kazi imeshafanyika, amebaki kuokota vipande.

Ndiyo maana aliipenda seva ya amani ya gemu moja la kompyuta. Kwa asiyejua, gemu lenyewe ni la ngome na mapori, watu wanajenga, wanawinda, wanapigana, na ukitaka kuingia unachagua mlango mmoja kati ya miwili. Kwenye seva ya vita, mchezaji anaweza kumuua mchezaji mwenzake, akamvua silaha, akamchomea nyumba, na hakuna wa kumshitakia. Kwenye seva ya amani unaua mazimwi na wanyama wa kompyuta tu. Ukimpiga binadamu mwenzako, shoka linapita mwilini mwake kama linapita kwenye moshi, naye anaendelea kukata kuni zake. Mwenye bucha alishalijaribu hilo mara nyingi. Ilikuwa raha ya ajabu kumpiga mtu shingoni kwa nguvu zako zote halafu asife.

Na mtu aliyekuwa akimpiga shingoni, tusifichane, alikuwa mdogo wake wa damu, tumbo moja, ziwa moja.

Huyu mdogo alikuwa na jicho moja. La kushoto lilipotea miaka mitatu nyuma, ndani ya bucha lile lile, asubuhi ambayo mlango wa friji ulikutwa wazi na nusu ya ng'ombe imeanza kunuka. Kaka akasema ni mdogo, mdogo akasema ni kaka. Wakarushiana maneno mpaka meza ikasukumwa na kisu kikaanguka sakafuni. Habari iliyofika nyumbani ilikuwa fupi: mdogo alimtolea kaka yake kisu, kaka akajitetea kwa chuma cha kunolea visu, bahati mbaya kikampata jichoni. Dada yao, mzaliwa wa kwanza, aliyewalea wote wawili tangu mama yao alipofariki, alikwenda hospitali kumtazama mdogo, bandeji bado zinavuja, akamwambia kwamba mtu anayemtolea kisu ndugu yake halali chini ya paa lake. Mdogo alijieleza mara moja tu. Hakuaminiwa, akanyamaza, akahama. Siku hizi alikuwa anakunja makasha kwenye kiwanda cha sabuni, kazi isiyohitaji macho mawili.

Habari ile ilikuwa ya uongo, na mwenye bucha ndiye aliyeitunga, damu ikiwa haijakauka kwenye chuma. Mdogo wake hakumtolea mtu kisu. Aliinama kukiokota, kwa sababu kwenye bucha lao kisu hakiachwi sakafuni hata kama nyumba inaungua. Hivyo ndivyo baba yao alivyowafundisha. Aliinama, mgongo wazi, akasikia hatua, akageuza uso. Basi. Chuma kilikuwa kimeshaanza safari.

Msiharakishe kumwita shetani. Alimpenda mdogo wake, na miaka hiyo mitatu alikata nyama peke yake huku akimwachia nafasi mezani, upande wa kushoto. Alimtaka arudi. Shida ni kwamba alitaka na uongo wake ubaki palepale ulipo, na vitu hivyo viwili alikuwa hajui avibebe vipi kwa pamoja.

Dada ndiye aliyetafuta njia. Alisikia kwamba mdogo kila akitoka kiwandani anashinda kwenye gemu hilo, akamwambia mwenye bucha atafute kompyuta amfuate humo humo. Ila wachague mlango ambao watu hawawezi kuumizana, akasema, maana nawajua. Ndivyo walivyokutana tena, kaka akijiita Shoka na mdogo akijiita Chongo, jina alilojipa mwenyewe kabla wengine hawajampa. Miezi minane waliwinda pamoja, bega kwa bega. Waliongea kwa maiki habari za mazimwi na mbao na kuta tu. Mdogo hakumwita Kaka hata siku moja. Alimwita Shoka, kama wageni wanavyomwita.

Mambo yakaharibika langoni. Walikuwa wanakimbizwa na zimwi, lile kubwa la mapango, Shoka mbele, Chongo nyuma. Dakika chache kabla ya hapo Chongo alikuwa amemcheka mbele ya wenzao kwa kukosa shabaha, na kicheko kile kilimkaa kaka kooni. Akaingia ngomeni. Akamwona mwenzake amebakiza hatua kumi. Akafunga lango. Zimwi lilimkamata Chongo ukutani, likamrarua mkono, likamrarua wa pili, likamsaga kichwa kwenye mawe, na sauti yote hiyo ikapita masikioni mwa kaka aliyesimama upande wa pili wa mbao. Skrini ikaandika kama inavyoandika siku zote mtu akifa: ZIMWI LIMEMUUA CHONGO.

Kaka akasema kidole kiliteleza.

 Chongo akasema, kwa upole uliomtisha mwenzake kuliko matusi, kwamba angependa wahamie seva ya vita.

"Kule ukitaka kuniua, angalau itaandikwa," akasema. "Huku unaniua wewe, linaandikwa zimwi."

Akatoa masharti. Jumapili saa tisa, bucha likishafungwa. Wao wawili, ana kwa ana, mpaka waseme imetosha. Dada akae hapo hapo pembeni ya kompyuta ya kaka aone kila kitu. Wakimaliza na kaka asimfanyie hila yoyote, Jumatatu asubuhi atakuja bucha, atavaa aproni yake, na hatauliza neno tena mpaka anaingia kaburini.

Mwenye bucha hakulala vizuri siku tatu. Alielewa vizuri sana alichopewa: ndugu yake arudi, uongo ubaki. Asichopaswa kufanya ni kitu kimoja tu. Dada alipinga, akasema nyie hata mkipewa visu vya karatasi mtatoana utumbo, mlango wa amani umewakosea nini? Kaka akamwambia kwamba ni mchezo, na kwamba amekata shauri kupigwa. Atasimama, atapigwa mpaka mdogo wake aridhike, biashara imekwisha. Alimaanisha kabisa.

Jumapili ikafika. Dada akavuta kiti, akakaa na miwani yake puani kama anasubiri hesabu za harusi. Shoka na Chongo wakakutana kwenye uwanja wa mawe, na wachezaji wengine, wavivu wasio na kazi, wakapanda ukutani kutazama.

Chongo hakusalimia. Alimchoma upanga tumboni, akauzungusha, akauchomoa. CHONGO AMEMUUA SHOKA, ikaandika skrini, na chini yake, kwa sababu seva ile ina desturi ya kutaja namna mtu alivyouawa: ANA KWA ANA. Shoka akafufuka pembeni, akarudi uwanjani, akashusha mikono. Safari ya pili Chongo alimkata mguu kwanza, akamwacha atambae kidogo, ndipo akammalizia. Watazamaji wakaandika vicheko. ANA KWA ANA. Safari ya tatu alimpasua uso, kuanzia nyusi, upande wa kushoto.

"Nyanyua shoka," mdogo akasema. "Sikuja kupiga gunia."

Basi safari ya nne akanyanyua. Akapigana kweli, jasho linamtiririka mgongoni, vidole vinagonga kitufe hiki na kile, na bado akapigwa. Chongo alikuwa bingwa, alikuwa ameuchezea ule upanga miaka mitatu, naye alikaa kimshazari mbele ya skrini yake ili jicho moja limtoshe. Alimkata kaka mkono wa shoka, akamwangalia akiyumba bila silaha, akamkata kichwa, na kichwa kikabingirika mpaka chini ya ukuta wa watazamaji. Mmoja wao akauliza kwa maandishi kama huyu Shoka ni mtoto au mzee.

Safari ya tano Shoka aliingia akikimbia na akafa akikimbia.

Dada akamgusa begani, akamwambia apumue. Hakusikia. Masikio yake yalikuwa yanapiga ngoma, uso umemvimba, na kama mtu angemwuliza wakati ule Jumatatu ni siku gani asingeweza kujibu. Akafufuka safari ya sita, akaingia uwanjani taratibu, na Chongo alipomwona akatupa upanga chini kwenye mawe.

"Imetosha," mdogo akasema. "Nimeridhika. Twende nyumbani."

Akasimama kidogo. Kisha, kwa kuwa upanga haukuwa wa kuachwa pale chini, akamgeuzia mgongo, akainama kuuokota.

Haki ya nani, mwenye bucha hakukusudia. Lakini hakukusudia na siku ile ya friji pia, na kutokukusudia kwake kulikuwa na uzito ule ule. Shoka lilishuka kwenye mgongo ulioinama, likazama mpaka mpini. Chongo akaanguka kifudifudi. Kaka akapiga tena, na tena, mbavu zikafunguka, akapiga maiti mara nne baada ya kufa, na kinywani mwake, ndani ya chumba kile cha kawaida chenye pazia na kalenda, alikuwa anasema maneno ambayo dada yake alikuwa hajawahi kuyasikia kwake.

Skrini ikaandika: SHOKA AMEMUUA CHONGO. KWA NYUMA.

Hakuna mtazamaji aliyecheka. Mmoja mmoja wakaanza kushuka ukutani. Mwenye bucha akaondoa mikono kwenye kompyuta, akaitazama hiyo mikono kama ni ya mtu mwingine.

"Dada upo?" sauti ya mdogo ikatoka kwenye spika. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Nipo, mdogo wangu."

"Umeona nilivyoinama?"

Dada alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena, akaisoma ile mistari miwili ambayo bado ilikuwa juu ya skrini. Alikuwa mwanamke wa kuelewa haraka. Ni imani yake tu iliyomchelewesha miaka mitatu. Akamgeukia mwenye bucha, akamwuliza siku ile kisu kilikuwa wapi.

Mwenye bucha alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyapanga tangu zamani, yamekaa tayari kama nyama kwenye ndoano, na angeweza kuchukua lolote. Akafungua mdomo, akaangalia maandishi.

"Sakafuni," akasema. "Kilikuwa sakafuni, Dada. Alikuwa anakiokota."

Dada akainuka. Hakumpiga alipokuwa amekaa. Alikizunguka kiti mpaka akawa mbele yake kabisa, akangoja anyanyue uso amwone, ndipo akamchapa kibao kilichomtoa machozi. Hakuwahi kumpiga tangu akiwa mtoto. Kisha akaishika maiki, akaisogeza mdomoni kwa mikono miwili, na kilio kikamzidi. Mdogo alimsubiri. Kwenye spika ilisikika pumzi yake, na kwa mbali mtu akiburuta kiti.

"Jumatatu sitakuja, Dada," akasema hatimaye. "Si kwa sababu yako. Nilitaka tu ajue kwamba nilimpa nafasi mbili, moja kwenye amani na moja kwenye vita."

Akatoka kwenye gemu. Jina lake likafutika kwenye orodha.

Jumatatu asubuhi Dada hakwenda bucha. Alichukua aproni ya mdogo, ile iliyoning'inia msumarini miaka mitatu, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko, akaenda kusimama kwenye geti la kiwanda cha sabuni kusubiri wafanyakazi waingie. Alisema atasimama na Jumanne, na Jumatano, na atasimama mpaka aambiwe ingia au aambiwe ondoka. Yeye naye alikuwa na lake la kuombea msamaha.

Mwenye bucha alifungua peke yake. Mteja wa kwanza akataka nyama ya paja, akaibonyeza kwa kidole, akaenda zake, na mwenye bucha hakumwambia kitu. Akabaki anakata hivyo hivyo, bila mtu wa kumkatia. Saa nne hivi kisu kikamponyoka kikalia sakafuni. Akakitazama. Bucha lilikuwa tupu, mlango umerudishwa, hata nzi hakuwemo. Kabla ya kuinama kukiokota, akageuka kutazama nyuma yake.