Bafu la Nusu Bei

Bwana mmoja alikuwa na kipaji, na hilo hakuna aliyelikataa, hasa yeye mwenyewe. Akitajiwa bei ya kitu chochote, kuanzia kiberiti mpaka jeneza, alicheka kwanza, kisha akasema, "Nusu." Mtaa mzima ulimwita Nusu, naye alilivaa jina hilo kama shahada. Kwa sababu ya kipaji hicho nyumba yao ilikuwa na geti linalomfungukia mwenye mabavu tu, na chumba cha kulala kilichopakwa rangi kila mahali isipokuwa nyuma ya kabati, maana kwa nusu bei fundi hasogezi kabati.

Mkewe alikuwa ameshazoea. Geti alilisukuma kwa bega, kabati hakuligusa. Lakini safari hii mambo yalihusu bafu, na bafu lenyewe lilikuwa la mama yake.

Mama huyo, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata wanawe walimwita Mwalimu, alikuwa ameanguka kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga. Angetoka hospitali Jumamosi ya wiki iliyofuata. Binti alitaka aje akae kwao. Mwalimu alikubali kwa sharti moja, akalitamka mbele ya daktari ili pawe na shahidi: "Nitaoga peke yangu. Siku nitakayoogeshwa nikiwa na akili zangu timamu, narudi kwangu." Kwake, maana yake zile ngazi.

"Mbona rahisi," Nusu akasema. "Tunabadilisha sakafu, tunaweka chuma cha kushikilia, basi. Niachie mimi."

Maneno hayo hayo, niachie mimi, ndiyo yaliyoleta geti.

Fundi wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo, suruali yake imekakamaa magotini kwa saruji. Alipiga magoti bafuni, akalaza pimamaji sakafuni, akaanza maswali. Mguu upi umevunjika? Ana urefu gani? Anaoga amesimama au amekaa? Na je, yuko wodi gani, ili ampitie ampime?

"Fundi," Nusu akasema, "sisi tumeita mtu wa vigae. Daktari tunaye."

Fundi akatabasamu, akaandika bei yake kwenye kipande cha karatasi. Akaeleza kwamba yeye hakabidhi kazi mpaka amwage ndoo nzima ya maji na kuyaona yote yakiingia tunduni. Yakibaki hata ya kijiko, anabomoa kwa gharama zake.

Nusu akaisoma karatasi, akacheka. "Nusu."

"Nusu ya nini, baba? Ya sakafu, au ya bibi?"

Akakunja futi yake, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Nusu akamsikitikia kwa kukosa kazi.

Wa pili aliitwa Usijali, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Huyu hakupiga magoti. Alisimama mlangoni mikono mfukoni, akalitazama bafu kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani, na kwa dakika mbili akawa amemaliza kupima.

"Maji yataelekea wapi?" mke akauliza.

"Usijali, mama. Maji yana akili, yanajua kwao."

"Na vigae visiwe vya kuteleza. Mgonjwa ana nyonga."

"Usijali. Nina vilivyobaki kwenye ukumbi wa benki. Vinang'aa mpaka unajiona meno."

Nusu akataja nusu, na Usijali akakubali kabla neno halijafika mwisho. "Umeona?" Nusu akamwambia mkewe. "Muungwana hana maneno mengi."

Mke alikuwa na la kusema. Akalimeza, kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unakwisha na hospitali ilikuwa mbali. Baadaye hilo lilimuuma kuliko vigae.

Jumatano kazi ikawa imekwisha, siku moja kabla ya ahadi, jambo ambalo lingetosha kumtisha mtu yeyote. Bafu liling'aa kweli. Chuma kilikuwa kimefungwa usawa wa bega la Usijali, na Usijali alikuwa mrefu kama mlingoti. Ili kukishika, Mwalimu angelazimika kuruka, na daktari alikuwa amekataza kuruka.

Mke aliingia bafuni. Alijaza ndoo, akaimwaga.

Maji yalisimama kidogo, kama yanayotafakari. Kisha yakalipa kisogo tundu, yakavuka kizingiti, yakashika ukumbi, yakaingia sebuleni ambako Nusu alikuwa amenyoosha miguu akisoma gazeti.

"Yanakwenda wapi haya?" akauliza, akiinua soksi.

"Kwao," mkewe akasema.

Usijali akapigiwa simu, sauti ikawekwa wazi ili wote wasikie. "Usijali, baba," akasema. "Bibi aoge maji kidogo kidogo. Mtu mzima anashinda ndani, anachafukia wapi?"

Nusu akakata simu. Akakuna kichwa, akapata wazo, na kwa kawaida mawazo yake hayakuwa na gharama. "Tunaweza kutandika tambara mlangoni. Halafu wewe ukawa unamshikashika tu. Si mama yako? Ataelewa."

"Sawa. Mwambie wewe."

Nusu hakuwahi kumwogopa muuza duka yeyote, wa jumla wala wa rejareja. Lakini kumwambia Mwalimu jambo hilo kulihitaji kipaji kingine. Akachukua tambara, akaanza kukausha sebule.

Mke akamtafuta yule fundi mwanamke. Bei ilikuwa ile ile ya kwenye karatasi, na ya kubomoa juu yake. Jumamosi haikuwezekana, saruji ya vigae inataka kukauka, fundi alisema, wala haijui ratiba ya mtu. Mgonjwa akabakizwa wodini siku nne zaidi, kwa bei ambayo Nusu aliijaribu kwenye dirisha la malipo, akaambiwa asogee kando, wenzake wanasubiri.

Kesho yake, Alhamisi, fundi akafika wodini na futi yake. Mwalimu akamtazama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Umekuja kunipimia nini, sanda?"

"Ngumi, bibi. Simama kidogo, shika kitanda kama unavyoshika ukiwa na haraka."

Mwalimu akashika. Fundi akapima kutoka kisigino mpaka ngumi, akaandika. "Mlango unaufunga ukioga?"

"Nafunga. Mimi si mtoto."

"Basi komeo nalo nitalishusha."

Alipoondoka, Mwalimu akamwambia binti yake, taratibu kuliko kawaida yake: "Tangu nivunjike, kila mtu anauliza nani atanishika. Huyu ndiye wa kwanza kuniuliza nitashika nini."

Binti akajifanya anatengeneza shuka.

Jumatano iliyofuata Mwalimu akaingia kwenye bafu jipya na fimbo yake, akafunga mlango. Komeo likalia. Nje, ukumbini, mke alisimama na moyo mkononi, na Nusu alisimama na tambara mkononi. Maji yakafunguliwa. Yakatiririka muda mrefu, si ya kidogo kidogo. Kisha kitu kikaanguka, puu. Mke akarukia mlango.

"Ni sabuni," sauti ikasema ndani. "Rudini mkakae."

Hawakurudi. Walisimama wakiangalia chini ya mlango, na chini ya mlango hakukutoka hata tone. Komeo likalia tena. Mwalimu akatokea amevaa, amefunga vifungo vyote, nywele zimelowa. Akawapita wote wawili.

"Bafu zuri, mkwe," akasema bila kugeuka. "La kwanza lilikuwaje?"

Nusu akakohoa. Alipokuwa na hakika kwamba Mwalimu amekaa, akamnong'oneza mkewe, "Mimi yule fundi nilimwona siku ile ile ya kwanza, nikajua huyu ndiye."

Mkewe akamnyang'anya tambara, maana halikuwa na kazi tena. Halafu akachukua simu, akamwandikia fundi ujumbe: Kuna mwenzako mzuri wa mageti? Aje Alhamisi. Mume wangu hatakuwepo.