Kibua Asiye na Mifupa

Shule ya mjukuu wangu Kotoe iliniita siku ya chakula cha jadi, niwafundishe watoto wa darasa la tatu kula samaki mzima kwa vijiti. Kotoe alikwisha kutamba kwamba bibi yake humfungua kibua akanyanyua uti wote, kichwa hadi mkia, bila kumgusa kwa kidole. Tatsuki, anayeketi nyuma yake, akamwita mwongo mbele ya darasa zima.

"Bibi, usiniangushe," akaninong'oneza mlangoni, amenishika mkono kama koleo.

Watoto wa zamu, kofia nyeupe na barakoa, wakagawa wali, supu ya miso, kibua wa kuchoma kwa chumvi na, kwa vile ndivyo walivyokula mababu zetu, pakiti ya maziwa baridi. Tukashukuru chakula kwa sauti moja.

Nikapasua ubavu. Nyama. Nikamgeuza. Nyama tena.

"Mwalimu," nikamwuliza Hirosawa polepole, "huyu samaki alikuwa akiogelea kwa kitu gani?"

"Tumeagiza waliotolewa mifupa, mama, halafu wakarudishiwa umbo. Usalama wa watoto." Alitabasamu kama aliyeniletea zawadi.

"Na mimi nimekuja kufundisha nini?"

"Utamaduni."

"Haya Bibi, nyanyua basi!" Tatsuki akapaza sauti. Darasa likaangua kicheko. Kotoe akainamia bakuli, masikio yamemwiva.

Nikapekua karibu na pezi, pale wavivu husahau. Vijiti vikagusa kitu. Nikavuta mwiba mmoja, mwembamba kama sharubu ya paka, nikauinua.

"Mfupa!"

Viti vikaanguka. "Wa kweli? Bibi, niushike!" Hirosawa akapauka. Mwalimu mkuu, ambaye huonja chakula kabla ya watoto na kukitangaza salama, akaja mbio, akainama hadi kiunoni, akawaomba radhi watoto kwa janga lile.

"Hautaonekana tena," akaahidi.

"Aaa!" wakalalamika wote.

Tatsuki hakukubali kushindwa upesi. "Mwiba mmoja si uti mzima."

"Njoo kwetu Jumamosi uone," Kotoe akamjibu.

"Mama hataki nile samaki wenye mifupa."

"Kwani lazima ule? Utazame tu."

Jumamosi nikachoma vibua kamili, wenye kila walichozaliwa nacho. Tatsuki alifika mapema, akavua viatu mlangoni. Nikabonyeza mgongo wa samaki, nikavunja shingo, uti ukatoka mzima na mkia wake. Kotoe akamkodolea macho mwenzake.

Tatsuki akameza mate, akanisukumia sahani yake.

"Tena, Bibi. Taratibu, nione."