Sauti ya Mzee Abrahamu

Godlove alikuwa amejaribu kila alichokijua, na mzee Abrahamu bado alikuwa bubu. Kwenye kompyuta ya studio alionekana vizuri tu, amelala kitandani kwake kule Ngonga, midomo inakwenda, mkono unafukuza inzi. Sauti hakuna. Godlove alipandisha sauti ya klipu mpaka mwisho, akahakikisha haijazimwa, akachomoa spika akazichomeka upya, akafunga programu na kuifungua. Akajaribu klipu ya kwaya, nayo ikaimba mpaka muuza duka jirani akaitikia. Kumbe spika hazina kosa. Akatazama mchoro wa sauti chini ya picha: wa kwaya ulikuwa na vilima na mabonde, wa mzee ulikuwa mstari mmoja ulionyooka.

Kijasho chembamba kikamtoka. Siku ya kuingiza kanda ya mzee kwenye kompyuta alizima spika kwa heshima, maana maneno ya mtu anayekufa si ya kusikilizwa na mtaa mzima wa Mbugani. Heshima ya wapi! Waya wa sauti ulikuwa umechomekwa kwenye redio, na yeye asingeweza kujua. Halafu, kwa kuwa mwaka ule wa 2003 kanda mpya zilifuatwa Mbeya, akaichukua ileile akaenda kurekodia harusi Ipyana.

Na wenyewe walikuwa wamekaa kwenye benchi nyuma yake: Anyes, mjane wa mzee, na mwanawe Aliko, aliyevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka Karonga. Huko alikimbilia baada ya kumwuza ng'ombe wa mahari ya dada yake. Baba alikufa hawajaonana. Sasa mtoto wa Aliko alikuwa anakonda, hospitali hawaoni kitu, na kwao kila mtu anajua kwamba hasira ya mzazi ikibaki moyoni bila kutamkwa huwala watoto wa nyumba. Mzee alikuwa amemsamehe mbele ya kamera. Aliko alikuja kuusikia msamaha huo.

"Mbona haongei?" Aliko aliuliza.

Godlove aligeuza kiti. "Kaka, sauti haikuingia. Kosa ni langu. Lakini nilikuwepo, alisema amekusamehe."

"Hata mimi nilimsikia, mwanangu," Anyes alidakia.

"Mama, wewe ungesema lolote ili nirudi. Na huyu ni fundi wako." Aliko alikionyesha kioo cha kompyuta. "Mtoto wangu anakufa. Nimwambie nini mama yake, kwamba nimemwona baba anatafuna hewa?"

Godlove alitamani ardhi ipasuke. Ndipo akakumbuka kwamba harusi ya Ipyana ilikatishwa na mvua, haikuijaza kanda yote. Alirudisha kanda kwenye kamera, akavaa hedifoni na kuipeleka mbele. Bibi harusi. Keki. Mvua. Chenga. Kisha ukatokea ukuta wa Ngonga, na kikohozi. Ni pale alipotoka nje kukunja waya akaisahau kamera inazunguka.

"Ametoka yule kijana?" mzee aliuliza. "Mama Aliko, yale maneno ni yako, nimeyasema kwa sababu umelia. Yule ng'ombe mpaka leo amenikwama hapa kooni. Nalala na hasira ya yule mtoto, naamka nayo. Nipe maji."

Kanda ikaisha. Katika maneno yote ya mzee, ndiyo haya tu yaliyobaki! Godlove aliupeleka mkono kwenye kitufe cha kurekodia ili ayafute.

"Umesikia kitu," Aliko alisema, akamvua hedifoni.

Hakuna aliyemzuia. Alisikiliza akiwa amesimama, akarudisha, akasikiliza tena. Machozi yalimtiririka asiyafute.

"Amesema amekusamehe?" Anyes aliuliza kwa hofu.

"Hapana, mama. Amesema amenikasirikia. Amemtaja na ng'ombe."

Anyes alijifunika uso kwa khanga. "Nisamehe. Yale mengine nilimwekea mimi mdomoni."

"Usilie, mama." Aliko alipiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake. "Hasira ameitoa, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Hakufa nayo moyoni."

Kisha akamgeukia Godlove, akamwomba aisikilizishe studio nzima kwa spika, na mlango auache wazi.